Mzigo wa Mgeni Hupokezwa Mkitembea

Kabla sijasimulia lililotokea, ni lazima nieleze masharti yalivyokuwa, kwa maana msomaji asiyeyajua atadhani kwamba kulikuwa na mtu mwovu katika habari hii, na mimi, ambaye nimemtafuta mtu huyo kwa miaka mingi, sijampata.

Mtalii aliyetaka kuingia kwetu akitokea Bujumbura alitakiwa awe na pasipoti yenye viza, iliyogongwa muhuri kabla hajafika mpakani. Katika bariera ya Kavimvira, yaani kizuizi cha mpakani, mahali njia inapotoka Uvira kuelekea Burundi, alitakiwa aseme atalala wapi, na kwa nani. Alipewa majuma mawili. Ruhusa yake ilikuwa ya mji na ya ufuko wa ziwa peke yake. Milima iliyo juu yetu, na njia ya bonde la Ruzizi inayopita Katogota, ilihitaji karatasi nyingine, ambayo katika mwaka ninaousimulia sikupata kusikia kwamba mtu amepewa. Aliyetaka kukaa zaidi ya majuma mawili alitakiwa atoke nje ya nchi, kisha aingie upya, na hesabu ianze tena. Na mwenye nyumba aliyempokea alitakiwa aripoti katika biro ya teritwari, yaani ofisi ya serikali ya wilaya yetu, kabla jua la pili halijatua. Akimweka mgeni kupita muda wake, mwenye nyumba aliyekuwa mzaliwa wa hapa alitozwa faini. Asiyekuwa mzaliwa alirudishwa alikotoka.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho nilichokishika moyoni, kwa sababu mama yangu mdogo, ambaye nilikaa nyumbani kwake Kilibula, alizaliwa ng'ambo, upande wa Burundi.

Sheria za namna hii hazikuwa ngeni kwetu. Tulijua masharti ya kuingia na ya kukaa kabla hatujawa na nchi ya kuingiwa. Katika siku za Wabelgiji, kijana wa Uvira aliyetaka kwenda Bukavu alihitaji karatasi ya njia, na alipofika alihitaji kibali cha kukaa, na kibali kilipokwisha alifukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani. Wabelgiji walipoondoka nilidhani kwamba karatasi zitaondoka nao. Zilibaki. Kilichobadilika ni mkono ulioshika muhuri.

Lakini mpaka ule wa Kavimvira wenyewe, katika siku hizo za zamani, ulikuwa jambo la maofisi tu. Bendera ilikuwa moja pande zote mbili. Wanawake walivuka na majembe asubuhi wakarudi na kuni jioni. Waliolewa upande huu na kuzikwa upande ule. Nyumbani kwa bibi yangu, mzaa mama, palikuwa upande wa pili, karibu na Gatumba, nyuma ya migazi ambayo mtu aliyesimama penye bariera angeweza kuiona, michikichi mirefu iliyokaa pamoja kama watu wanaosikilizana. Mama yangu alizaliwa huko, akaolewa huku na mtu wa bondeni, akafariki nikiwa mtoto. Mdogo wake alikuja kunilea. Naye akaolewa Kilibula, akafiwa na mume, akajenga nyumba ya matofali kwa biashara ya ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa amekaa katika mtaa ule muda mrefu kuliko wengi wa majirani zake. Hapakuwa na karatasi iliyosema kwamba yeye si mtu wa hapa, wala hapakuwa na iliyosema kwamba ndiye.

Mimi nilikuwa nimesoma seminari mlimani, nikatoka kabla ya kuapa, nikawa mwalimu wa Kilatini katika shule ya mapadri. Mama mdogo aliniita mwalimu wa wafu, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kwamba hakuna kijiji kinachosema lugha ile. Alikuwa akiniuliza mbele ya wageni kama wanafunzi wangu wamekwisha kuanza kuzungumza na marehemu, na kama marehemu wanadai chochote.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Mji ulikuwa umeingiwa na hali ambayo naweza kuieleza hivi: watu walizungumza wakiwa wametazamana migongoni. Kila mtu alitazama nyuma ya yule aliyesema naye. Vijana wa bondeni walisemekana kupotea siku mbili tatu, kisha kurudi wakiwa na macho mengine. Wengine walisema wanafundishwa kupigana huko juu, wengine walisema wananyweshwa dawa. Askari waliletwa kutoka majimbo ya mbali, na kwa kuwa hawakuwajua watu, waliwashuku wote kwa usawa. Hoteli iliyokuwa kando ya ziwa ilikuwa imeachwa na mwenyewe, na askari walilala humo.

Ndiyo sababu mtalii yule hakuwa na mahali pa kulala.

Alikuwa mwanamke mzungu wa makamo, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Mama mdogo alimkuta ufukoni, pale wanapoanika samaki, ameketi juu ya begi lake na kutazama maji. Penye bariera walikuwa wamemruhusu kuingia kwa kuwa alitaja hoteli ile. Hakuna aliyemwambia kwamba hoteli imekuwa kambi. Mama mdogo hakujua Kifaransa cha kumuuliza lolote. Alilichukua begi, akalitwika kichwani, akaondoka, na yule mwanamke akamfuata.

Hapa ni lazima niseme jambo la desturi, kwa kuwa bila hilo habari hii haisimami. Katika nyumba ya bibi yangu, na katika nyumba nyingi za pande zile, mzigo wa mgeni haukupokewa wala kurudishwa watu wakiwa wamesimama. Mgeni akija, ulimwendea njiani, ukauchukua mzigo wake huku miguu yenu ikienda. Akiondoka, uliubeba wewe, ukatembea naye, na mahali fulani njiani, bila kukatisha hatua, ukampa. Kumkabidhi mtu mzigo wake mkiwa mmesimama kulikuwa na maana moja tu: usirudi. Ndivyo alivyopewa mzigo mke aliyeachwa, na mwizi aliyesamehewa kipigo. Watoto walijifunza jambo hili kabla ya kujifunza kunawa mikono.

Niliporudi kutoka misa ya Jumapili nilimkuta mgeni ameketi katika kiti changu, anakula ugali wa muhogo na mukeke wa kuchoma. Mama mdogo aliniambia nimuulize kama samaki amekolea chumvi. Nilimuuliza kwanza pasipoti yake.

Niliisoma yote, pamoja na yale yasiyonihusu. Alisema kwamba alikuwa mwalimu, na kwamba amestaafu. Alisema kwamba amekuja kutazama ndege wa majini katika matete ya mlango wa mto Ruzizi. Alisema kwamba hajui Kiswahili. Naandika "alisema" kila mara kwa makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyoyasikia maneno yake wakati ule: kama mambo yaliyosemwa. Kesho yake mapema nilikwenda biro ya teritwari kuripoti, kwa jina la mama mdogo, kama sheria ilivyotaka. Karani aliuliza mwenye nyumba ni mzaliwa wa wapi. Nilijibu kwamba ni mjane wa Kilibula. Akaandika hivyo.

Kuanzia siku hiyo nia yangu ilikuwa moja: mgeni yule atoke kwa wakati, atoke kwa njia aliyoingilia, na asimpe mtu yeyote sababu ya kuuliza tena swali lile la karani.

Shefu wa mtaa alikuja jioni ya pili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mashavu yaliyotikisika alipotafuna, na kwa miaka yote alikuwa amekula nyumbani kwetu mara nyingi kuliko nyumbani kwake. Alinivuta kando.

"Mwalimu, ule mama wa darubini iko anaangaliaka nini kule ku matete?"

"Ndege, shefu."

"Ndege ya manyoya ao ndege ya chuma?"

Nilimwambia kwamba ni ya manyoya. Akasema kwamba yeye ananiamini mimi, bali walio juu yake hawanijui. Kisha akarudi barazani, akala, akamtania mama mdogo kwamba mugeni wake akiendelea kula namna ile, majuma mawili yatamaliza ziwa. Alisema hayo kwa Kiswahili. Kabla sijatafsiri neno, mgeni alitabasamu.

Baadaye nilimuuliza, kwa Kifaransa, alichekea nini. Alijibu kwamba aliuchekea uso wa yule bwana. Jibu hilo lingeweza kuwa kweli, kwa kuwa uso wa shefu ulichekesha. Hata hivyo niliacha kusema mbele yake chochote ambacho nisingekisema mbele ya askari, nikamwomba mama mdogo afanye vivyo hivyo. Aliniuliza ni siri gani hasa alizo nazo za kumficha mzungu: bei ya ndagala, au mguu unaomuuma.

Wao wawili waliafikiana bila lugha. Asubuhi walikwenda pamoja ufukoni. Mgeni alimsaidia kuwageuza samaki juani, akifukuza kunguru kwa kofia yake. Nilimwona siku moja akimpa mama mdogo ile darubini, na mama mdogo akaielekeza upande wa ng'ambo, kwenye migazi, asiishushe upesi. Majirani nao waliona. Mwenzangu mmoja shuleni aliniambia kwamba mtaa mzima wa Rugenge unajua kuwa kuna mwanamke Kilibula anayetazama Burundi kwa chombo.

Katika juma la pili mgeni aliniuliza mambo mawili. La kwanza: ni mwendo gani kutoka mjini hadi nyanda za juu, wanakotoka wachungaji wanaoteremsha maziwa. Nilimjibu kwamba ruhusa yake inaishia pale mlima unapoanzia. La pili: kama mtu akitoka Kavimvira na kulala Bujumbura usiku mmoja, akarudi, si atapewa majuma mawili mengine? Sheria ilisema ndiyo. Nilimweleza kwa adabu yote niliyofundishwa kwamba sheria inasema ndiyo, na kwamba namwomba asifanye hivyo. Alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kuifasiri. Akasema ameelewa. Sikujua ameelewa nini.

Ilibaki hesabu. Warumi, walipohesabu siku, walitia ndani siku ya kuanzia na siku ya kumalizia. Wengine huiacha ile ya kwanza. Muhuri haukusema ofisi ya Kavimvira inafuata shule ipi. Kwa kuwa sikuwaamini, nilichagua hesabu iliyo kali zaidi, nikatangaza kwamba mgeni ataondoka siku ya posho, ambayo ndiyo Jumamosi. Mama mdogo alinung'unika kwamba mugeni hafukuzwi kabla ya siku ya Mungu, hasa mugeni anayejua kugeuza samaki. Nilimkumbusha nini kinampata mwenye nyumba asiye mzaliwa. Akaenda kuchagua kitenge cha kuvaa siku ya kusindikiza.

Tuliondoka asubuhi, watu watatu. Mama mdogo alikuwa na begi kichwani na kitenge kipya kiunoni, mgeni alitembea ubavuni pake, na mimi nilifuata nyuma nikiwa na pasipoti mkononi, kwa sababu nilitaka kuitoa mwenyewe.

Bariera ilikuwa mti mrefu uliolazwa kukatiza njia, na jiwe limefungwa kwenye ncha moja ili askari akilikandamiza mti unyanyuke. Kando yake palikuwa na meza chini ya paa la mabati. Mkuu wa bariera alikuwa kijana kutoka jimbo la mbali, mwenye shati safi na sauti ya chini. Alitoa salamu, akachukua pasipoti, akahesabu kwa vidole. Hesabu yake ilikuwa ileile yangu ya Kirumi. Nakiri kwamba nilifurahi. Aliuliza maswali machache, nami nikatafsiri nikiwa nimeinama juu ya meza: alikwenda wapi, aliona nini, kama alipiga picha. Kisha akamwashiria askari. Mti ukanyanyuka. Mgeni akapita, na mama mdogo akapita pamoja naye.

Hakusita. Askari alimwona kama mpagazi anavyoonwa, yaani aliona mzigo. Kama mkuu aliona au hakuona, siwezi kuapa. Macho yake yalikuwa juu ya muhuri aliokuwa akiupulizia ukauke, lakini mtu huweza kuona asichokitazama. Nilipoinua kichwa walikuwa wamekwisha kufika mbali kidogo, mahali matete yanapokaribia njia. Bila shaka mama mdogo alifikiri jambo moja rahisi: kwamba penye bariera watu husimama, na kwamba mzigo hauwezi kutolewa mahali watu wanaposimama. Nilimwona akiliteremsha begi huku anatembea, akalitia begani kwa mgeni, wakaenda pamoja hatua kadhaa zaidi, mkono wake ukiwa bado juu ya begi kana kwamba unalifundisha njia. Kisha akageuka. Mgeni alinyanyua kofia, akaendelea.

Mama mdogo alirudi taratibu, akiwa amefurahi. Mti ulikuwa umeshushwa.

"Mama, unatoka wapi?" mkuu aliuliza.

"Natoka kusindikiza mugeni wangu."

"Umevuka bariera. Muntu akivuka bariera, akirudia, anaonyesha karatasi. Yako iko wapi?"

"Minye niko narudia kwangu, mwanangu. Karatasi ya kurudia kwangu inafananaka namna gani?"

Askari wa penye jiwe alicheka. Mkuu hakucheka.

"Ulizaliwa wapi, mama?"

Nilitangulia kujibu. Nilisema kwamba ni mjane, kwamba ana nyumba Kilibula, kwamba mtaa mzima unamjua. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "sikukuuliza weye."

Mama mdogo aliinua mkono, akaonyesha, kama mtu anavyomwonyesha mpita njia mahali pa kuchota maji.

"Pale. Unaona ile migazi? Nyuma yake kidogo."

Mkuu aliitazama migazi. Akauliza, kama ndivyo, aliingia Kongo mara ya kwanza kwa karatasi gani. Mama mdogo akajibu kwamba aliingia kwa miguu, na jembe begani, kuja kulea mtoto wa dada yake, na kwamba siku ile bariera ilikuwa bado haijazaliwa, na mkuu vilevile.

Kijana yule hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alieleza kwa utulivu kwamba hawezi kusema kuwa mama huyu si wa hapa. Vilevile hawezi kusema kuwa ni wa hapa. Anachojua ni kwamba amemwona akiwa nje, anataka kuingia, na kwa kinywa chake mwenyewe amesema kwao ni wapi. Angeweza kumrudisha. Lakini kulikuwa na njia nyingine: angeweza kumwingiza kama mtalii. Majuma mawili, mji na ufuko, iwapo ana mwenyeji wa kumpokea. Nilijiuliza wakati ule kama ilikuwa huruma au mtego.

"Mwenyeji wake ni nani?"

Nilisema kwamba ni mimi.

"Atalala nyumba ya nani?"

Nyumba ilikuwa ya mama mdogo. Matofali yake nilikuwa nimeyaona yakinunuliwa kwa samaki. Lakini mgeni hawezi kuandikwa kwamba atalala nyumbani kwake. Nilijibu, "Yangu." Mkuu akaandika, akagonga muhuri juu ya karatasi tupu, kwa kuwa mama mdogo hakuwa na pasipoti, na mti ukanyanyuka.

Tulipofika penye nyumba za kwanza, mama mdogo alinitazama kando.

"Basi, mwenyeji wangu, mugeni wako atakula nini leo?"

Shefu wa mtaa alikuja kabla habari haijapoa. Mama mdogo alikuwa ameketi mlangoni, anapepeta ndagala. Shefu alimpita kwa salamu, akaja kuketi karibu nami.

"Mwalimu, mugeni wako anarudia kwao lini?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mwenyeji wangu, muambie shefu kama mugeni iko anapika sombe. Akitaka kungoja, angoje."

Shefu alingoja, akala kile kisamvu. Lakini aliacha nusu ya sahani, na sikuwahi kumwona akiacha chakula nyumbani mwetu.

Siku zile zilizofuata nilijifunza jinsi shaka inavyohama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mgeni alikuwa ameondoka. Shaka aliyoiacha haikuwa na mahali pa kulala, ikalala kwa mama mdogo. Wanawake wa ufukoni waliacha kumwachia vikapu vyao avilinde. Walimpa jina, Mama wa Majuma Mawili, kwanza kwa utani. Kisha likaja swali, nalo sikujua limetoka kinywani mwa nani: kwa nini mzungu yule asipewe begi lake mbele ya askari? Kwa nini apewe kule kwenye matete, na kulikuwa na nini ndani? Walioliuliza walikuwa watu waliokwisha kuwasindikiza wageni wao kwa namna ileile maisha yao yote. Niliwakumbusha wawili kati yao desturi ya mzigo. Mmoja alisema ni kweli. Mwingine alisema kwamba hiyo ni desturi ya watu wa ng'ambo.

Nilikwenda biro ya teritwari kuomba cheti cha ukaaji. Karani yuleyule alitoa lile jina la zamani, mjane wa Kilibula, akaliweka kando ya karatasi mpya ya mtalii wa Kilibula, akaniuliza kwa upole ni lipi lililokuwa uongo. Alitaka mzaliwa wa hapa, mwenye cheo cha mtaa, aandike kwamba anamjua tangu zamani. Mtu huyo hakuweza kuwa mwingine ila shefu. Nilimfuata nyumbani kwake. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za shule, na mwishowe akasema:

"Minye namujua, mwalimu. Namujua sana. Lakini kumujua muntu, na kuandika jina yangu chini yake, ile ni vitu mbili. Mu siku hizi, muntu anaulizwaka juu ya jina yake."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na mapigano yalikuwa yamekwisha kuanza kusikika upande wa bonde.

Muda ulipokaribia kwisha, ilibaki njia ileile ambayo mgeni alikuwa ameniuliza: kutoka, kulala ng'ambo usiku mmoja kwa ndugu, kurudi asubuhi na kupewa majuma mawili mengine. Baada ya hapo, nilidhani, shefu angekuwa amepata moyo, au mkuu wa bariera angekuwa amehamishwa. Mama mdogo alikubali bila kubishana. Alifunga nguo mbili katika kitenge, na ndagala kidogo kwa ajili ya wake wa kaka zake. Aliniambia niwe ninamwaga maji kwenye mchicha, na kwamba ufunguo wa ghala ukikataa nisilitukane kufuli.

Nilibeba mzigo mimi. Njiani tulikutana na watu wanaotoka bondeni na magodoro vichwani, lakini siku ile ilikuwa tulivu na ziwa halikuwa na wimbi. Mkuu wa bariera alikuwa yuleyule. Alitazama karatasi, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kuridhia, askari akalikandamiza jiwe.

Niliendelea kutembea. Mama mdogo alinishika mkono kabla sijafika chini ya mti.

"Nipe hapa."

"Tumesimama, mama."

"Naona kama tumesimama. Ukivuka, ukirudia, watakuuliza mama yako alizaliwa wapi. Nipe."

Nilimpa. Aliupokea kwa mikono miwili, akautwika, akapita.

Hakurudi kesho yake, kwa kuwa usiku ule bariera ilifungwa kwa amri. Muda si mrefu waasi kutoka bondeni waliuteka mji, na baadaye jeshi likautwaa tena. Bariera ilipofunguliwa, masharti yalikuwa mapya, na mtu aliyezaliwa ng'ambo hakupewa tena ruhusa ya matembezi. Mama mdogo alikaa kule nyuma ya migazi mpaka alipofariki. Habari za mgeni wake sikuzipata. Nyumba ya Kilibula imeandikwa kwa jina langu.